Kasha la Damu na Farasi Akjal

Aktubek, nyika ya Jezkazgan
20 Oktoba

Kwa Taisia Rumyanseva, mwenye kasha,

Salamu nitakupa siku utakayostahili. Leo nakupa habari.

Mimi ni Kidirali mwana wa Jumabai. Uliza mtu yeyote kutoka hapa mpaka Jezkazgan, hata mlevi atakuonyesha kwangu. Shule nilikaa kidogo, halafu baba akasema farasi hawasomi, rudi nyumbani. Kuandika nilimalizia jeshini, kwa hiyo ukitaka kucheka mwandiko, licheke jeshi. Nina miaka sabini na tisa, napanda farasi bila kusaidiwa, na meno ya mbele yote ni yangu.

Juzi watu wenu wa anga walishuka kutoka juu ndani ya lile pipa lenu la mwavuli. Hilo halinisumbui. Mnaangukia nyika yetu tangu nikiwa kijana, tumeshawazoea. Kilichonisumbua ni helikopta. Ilipita juu ya farasi wangu wakinywa maji, ikapita chini kabisa, mpaka nyasi zikalala. Farasi wakatimka. Akjal, dume langu, mshindi wa mbio za Ulitau mpaka wapinzani wakachoka kuleta farasi wao, akatumbukia korongoni na kuvunjika miguu yote miwili ya mbele. Nilimchinja mwenyewe. Kisu sikumpa mtu.

Ndipo akaja mkubwa wa hao wanaokuja kuwapokea watu wenu, anaitwa Zavyalov, ndani ya gari la magurudumu marefu kama mlango. Hakushuka. Alishusha kioo tu. Nikamwambia, mmeniulia Akjal. Akamtazama pale chini, akasema, "Si farasi tu, mzee? Nyinyi si mnakula farasi? Pika basi, umepata karamu ya bure!" Wenzake wakacheka. Akapandisha kioo, wakaenda.

Nyuma yao waliacha kasha jeupe, tupu, limebandikwa karatasi yenye jina lako na mtaa wako huko Moscow. Hiyo ni chapa. Kwetu farasi mwenye chapa yangu akimaliza nyasi zako, humwendei farasi wala mchungaji, unanijia mimi. Basi nakujia wewe.

Nataka Zavyalov aje kwangu, ashuke garini, atembee kwa miguu yake mpaka mlangoni, na aseme mbele ya watu wa Aktubek kwamba Akjal hakuwa nyama. Sitaki kingine. Fidia yenu kaeni nayo.

Kidirali


Moscow
16 Novemba

Mzee Kidirali,

Shikamoo. Pole sana kwa Akjal. Mimi ni mtoto wa mjini, farasi namjua kwa picha, lakini barua yako nilipoimaliza sikuweza kula chakula cha mchana.

Hata hivyo umenipa ukubwa ambao sina. Chombo si changu, helikopta si yangu, na Zavyalov hayupo chini yangu. Mimi ni daktari wa damu. Lile kasha ndilo pekee lililo langu katika safari nzima. Nikueleze linabeba nini, huenda utaelewa kwa nini lina jina langu.

Ndani ya damu ya mtu kuna chembe nyeupe. Hizo ni askari wake. Magonjwa uliyougua utotoni, kama tetekuwanga, hayatoki mwilini. Yanajificha tu, na askari hao huyalinda yasiamke. Mtu akikaa angani miezi mingi, askari wanasinzia. Hatujui vizuri kwa nini. Basi siku ya kurudi, wakiwa bado huko juu, wanaanga hutolewa damu, vichupa vikafungwa kwenye kasha, wakashuka nalo; lile tupu uliloliona ni la akiba. Lazima itolewe huko huko, kwa sababu mshtuko wa kutua huwaamsha askari wote kwa fujo, na damu ya ardhini inanidanganya.

Malalamiko yako nimeyapeleka kwa idara ya Zavyalov. Wameahidi kukujibu.

Kwa heshima,
Dkt. Taisia Rumyanseva


Aktubek
19 Desemba

Taisia,

Idara wamenijibu. Wameniletea kalenda. Ina picha ya roketi kila mwezi, na kwenye mwezi wa Oktoba, mwezi aliokufa Akjal, wameweka picha ya helikopta. Mke wangu Rabiga alitaka kuitundika jikoni. Nimeiweka motoni, na hata motoni inanuka vibaya.

Unasema kila kitu si chako isipokuwa kasha. Vizuri. Basi nimejua cha kukamata.

Kwetu kuna jambo linaitwa barimta. Mtu akikukosea kisha akakataa kuja kulimaliza, unachukua mali yake unakaa nayo. Huiuzi, huili, huipigi. Unakaa nayo tu mpaka aje mwenyewe. Usije ukasema ni wizi. Mwizi anajificha, lakini mwenye barimta anatangaza mapema na anachukua mchana watu wakiona. Babu yangu aliwahi kukaa na ngamia wa tajiri mmoja mpaka yule tajiri akaja amevaa kanzu ya mkewe asijulikane, kwa kuona haya, na wimbo wake bado tunauimba harusini.

Basi mimi natangaza. Chochote chenye jina lako kikishuka tena kwenye nyika yangu, nitakichukua.

Kidirali


Moscow
22 Januari

Mzee wangu,

Nakuomba tusitishane. Kasha hilo si ngamia. Chembe zile ni vitu hai, na nje ya mwili zinakufa haraka: siku ya kwanza nzima, ya pili chache, ya tatu nimebaki na uchafu. Zikiganda kwa baridi zimekufa, zikipata joto zimekufa. Ndiyo maana ndege huwa inasubiri injini ikiwa inanguruma. Nimeifanya kazi hii tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na kila safari ninachopata ni kasha moja.

Nimemfuata Zavyalov mwenyewe, nikamkuta kwenye ngazi. Nilimweleza habari ya Akjal. Amesema hakumbuki.

Nimekuandikia ukweli kwa sababu nadhani wewe ni mtu wa kuambiwa ukweli. Tafadhali liishie hapa.

Taisia


Aktubek
11 Februari

Taisia,

Hakumbuki?

Nashukuru kwa kunieleza vizuri namna damu inavyokufa. Nimemsomea Rabiga mara nyingi, na yeye amekariri.

Kidirali


Uwanja wa ndege, Karaganda
9 Aprili, asubuhi
Kwa mkono wa rubani

Mzee Kidirali,

Rubani ananisubiri, naandika nikiwa nimesimama.

Najua chombo kilisukumwa na upepo kikaangukia karibu na kisima chako. Najua ulifika kabla ya wapokeaji, ukawapa wanaanga maziwa ya farasi na blanketi zako, na kwa hilo ahsante. Najua pia kwamba jana, wakati wanamtoa yule wa tatu, ulilinyanyua kasha langu kwenye turubai ukasema kwa sauti, "Hili ninalo," ukapanda farasi ukashuka nalo korongoni. Wote waliona. Walidhani unawasaidia kubeba!

Wanasema wamepekua nyumba yako, zizi, mpaka kisima, na wewe unawapa chai. Polisi wa wilaya wanataka kukuchukua. Nimewaomba wasubiri, kwa sababu wakikuchukua nani ataniambia kasha lilipo? Usiku kwenu bado maji yanaganda. Ikiwa umeliacha nje, hatuna haja ya kuandikiana tena.

Ndani mna damu ya watu wanne. Watatu ni hao waliotua. Wa nne amebaki juu. Ana homa na ana vipele juu ya jicho la kulia, ule ugonjwa wa mkanda wa jeshi, tetekuwanga ya utotoni imeamka. Dawa kali ipo huko juu, lakini askari wake wakiwa wamelala sana dawa haitatosha, lazima ashushwe upesi kabla jicho halijaharibika. Kumshusha kwa haraka nako ni hatari. Jibu limo ndani ya vile vichupa, na vichupa vinakufa.

Rudisha, Mzee. Nimepiga magoti huku uwanjani kwenye sakafu ya saruji, rubani ni shahidi.

Taisia


Aktubek
siku ile ile, nyuma ya karatasi yako

Taisia,

Inuka sakafuni, utapata baridi ya mifupa. Si wewe ninayetaka upige magoti.

Kasha liko salama, halipati baridi wala joto. Nilikuambia Rabiga amekariri. Hawa wapekuzi wako wamefunua mpaka sufuria, kofia wameshika mkononi kwa adabu, na bado hawajaliona, na hawataliona.

Unanililia damu. Si damu tu? Watu wenu si wazima, wanatembea? Wachomeni tena, mchote nyingine.

Mimi nasubiri mtu mmoja. Yupo hapo hapo uwanjani kwenu, rubani ameniambia, anakunywa kahawa.

Kidirali


Karaganda
9 Aprili, mchana
Kwa mkono wa rubani

Mzee Kidirali,

Huyo unayemsubiri aliniomba nisikuambie, aliogopa ukijua utafurahi. Sasa sina nafasi ya kumfichia mtu siri.

Yule wa nne, aliyebaki juu, mwenye vipele juu ya jicho, anaitwa Rodion Zavyalov. Ni mwanawe. Ni mtoto wake wa pekee.

Ukifurahi, furahi upesi.

Taisia


Aktubek
9 Aprili

Taisia,

Sikufurahi.

Kisha nikasema, kumbe na yeye anajua kuwa na kitu kimoja tu. Akjal alizaliwa kwenye theluji, mama yake akafa, nikamnywesha maziwa kwa kidole changu. Mwambie hivyo. Mwambie mwanawe si nyama, mimi siwezi kumwita nyama mtoto wa mtu. Lakini hata mimi leo nimeanza kusahau. Sikumbuki kasha nimeliweka wapi. Huenda nikimwona nitakumbuka.

Aje kwa gari. Helikopta isikanyage kwangu; hata rubani wako anatua mbali, anakuja kwa miguu.

Kidirali


(kipande cha karatasi, kwa penseli)

Mzee,

Nakumbuka. Nakuja.

G. Zavyalov


Aktubek
2 Mei

Taisia,

Kasha ulilipata, na rubani aliniambia ulilibeba mwenyewe ukikimbia kama msichana. Hujaniandikia tangu hapo, basi naandika mimi, maana najua Zavyalov hatakusimulia na mambo kama haya si ya kupotea.

Alisimamisha gari mbali, pale penye jiwe la mpaka, akashuka. Theluji imeyeyuka, njia yote ni tope la kufika magotini. Alitembea. Watu wa Aktubek walikuwa wametoka wote, hata yule Smagul asiyetoka kitandani alibebwa juu ya kiti. Hakuna aliyecheka. Mimi niliwakataza, kwa sababu kucheka alishacheka yeye.

Akafika mlangoni, akavua kofia, akasema, "Mzee Kidirali, farasi wako hakuwa nyama. Nilisema neno la kipumbavu."

Nikamwambia, "Vizuri. Karibu ndani, mgeni."

Akasema, "Mzee, kasha tafadhali, saa zinakwenda."

Nikasema, "Mgeni hatoki kwangu na tumbo tupu. Wewe mwenyewe ulisema nipike."

Ukae ukijua, Akjal sikumla. Mtu yeyote wa hapa atakuambia, farasi wa mbio tuliyempenda hatumli. Lakini pia sikumzika. Siku ile ile aliyokufa nilimtia chumvi nikamtundika ghalani, na majira yote ya baridi alikaa pale, na mimi kila asubuhi nikipita nasema, subiri. Siku hiyo wanawake wa jirani walikuwa wameshamchemsha, Rabiga akiwaamuru kutoka pale alipokaa. Sahani kubwa, na unga uliokandwa, na vitunguu, kama apikiwavyo mgeni wa heshima.

Nikamwekea. Nikamwambia, "Karamu ya bure. Kula."

Alijua. Niliona uso wake unajua. Akala. Nikaongeza. Akala. Machozi yanadondoka kwenye mchuzi, anakula, na watu wamesimama mlangoni kama msikitini. Nikaongeza tena. Hakuomba niache. Hilo moja nampa, hakuomba.

Niliposema basi, Rabiga ndiye aliyeinuka. Tangu jana alikuwa amekaa pale pale kando ya birika kubwa la chai, magodoro matatu chini yake, anawalalamikia wapekuzi maumivu ya miguu, na polisi gani atamwinua bibi wa watu? Kasha lilikuwa chini yake, limefungwa kwa sufu, si karibu na moto wala mbali na moto. Hakulala. Kila mara anatia mkono kulipapasa kama kuku anayeatamia.

Zavyalov alilibeba akakimbia na tope lake.

Mle ndani nilitia hatamu ya Akjal, ile ya fedha aliyoivaa Ulitau. Ni desturi, barimta ikiisha unarudisha mali na kitu chako juu yake, kwamba kisa kimekufa. Uwaonyeshe wenzako hatamu hiyo kwanza, halafu unirudishie. Ni kitu pekee nilichobaki nacho cha Akjal, sasa hata nyama iliyobaki nimeizika.

Natangaza: nimeshinda.

Kidirali


Moscow
8 Juni

Mzee Kidirali,

Hukuuliza habari ya vichupa. Nitakuambia bila kuulizwa.

Kasha lilifika likiwa na joto sahihi. Mpe Rabiga shukrani zangu. Lakini lilifika limechelewa, na mashine yangu hupima damu ya mtu mmoja baada ya mwingine. Chembe zilikuwa zinakufa mbele ya macho yangu. Ilibidi nichague, nikaanza na Rodion. Askari wake walikuwa wamelala fofofo. Tulimshusha. Jicho limepona, anaona, anamtania baba yake kwamba amenenepa.

Nilipowageukia wale watatu, damu yao ilikuwa imekwisha kufa. Yote. Miezi yao yote huko juu, sindano zote walizovumilia, hakuna nitakachokijua. Kuna mama mmoja kati yao aliyejichoma mkono mara nne kupata mshipa, damu ikaelea chumbani kama shanga, akaikusanya, kwa ajili yangu. Na wewe ulimtuliza kwa maziwa, kisha ukaniandikia: si damu tu? Wachomeni tena, mchote nyingine.

Sikiliza maneno yako mwenyewe, Mzee. Uliyasikia wapi kwanza? Yalitoka kwenye kioo cha gari.

Zavyalov alikukosea, ukamlipa. Mimi nilikukosea nini? Nilikuwa na jina tu juu ya kasha.

Hatamu ya Akjal ninayo. Ni nzuri. Nimeitundika maabara, juu ya meza yangu, na hairudi. Usije ukasema ni wizi: natangaza, na nimeichukua mchana, watu wakiona. Siiuzi. Nakaa nayo tu.

Ukiitaka, njoo mwenyewe. Ushuke kwenye treni, utembee kwa miguu mpaka mlangoni kwangu, useme mbele ya wenzangu kwamba ile haikuwa damu tu. Kisha nitakukalisha kwenye darubini. Nimehifadhi chembe zote zilizokufa, za wale watatu, kwenye vioo, kabati zima. Utazitazama, kioo baada ya kioo.

Taisia Rumyanseva, mwenye kasha


Aktubek
27 Juni

Taisia binti yangu,

Salamu. Sasa nakupa.

Barua yako ilipofika nilitoka nje nikakaa na farasi mpaka jioni. Rabiga akaja akasema, "Amekupata." Nikamwambia nyamaza. Akasema, "Nimenyamaza, lakini amekupata." Mwanamke huyu nimeishi naye miaka yote hii kwa sababu hanidanganyi, na mara nyingine natamani anidanganye.

Nimetafuta mahali ulipokosea nikakosa. Umetangaza. Hukujificha. Umechukua kile hasa kinachouma. Wazee wetu wangekuwepo wangekupa kanzu ya heshima. Mimi nilidhani barimta ni ya watu wa nyika peke yao, kumbe nimemfundisha mtu wa Moscow kwa barua, na akanipiga nayo.

Zavyalov sijamsamehe, usije ukaelewa vibaya. Deni lake ni lake na lako ni lako.

Sijawahi kupanda treni kwenda upande huo. Smagul anasema nitakufa njiani, nimemwambia yeye afe kwanza, ana haraka zaidi. Rabiga ameshafunga mikate ya kukaanga kwenye kitambaa. Nitashuka, nitatembea, na kama mtaa wenu hauna tope nitalitafuta. Wakusanye wenzako. Yule mama aliyejichoma mkono, ukiweza, mwite naye.

Nyama usinipikie.

Vioo vyako vyote vitoe kabatini, usinihurumie hata kimoja. Macho ninayo, mbweha namwona ng'ambo ya korongo. Zavyalov alikula mpaka niliposema basi. Mimi nitatazama mpaka useme wewe.

Kidirali mwana wa Jumabai